Pembe Nne za Almasi: Historia ya Shamba la Mfano Magharibi mwa Kenya

Mwaka 1955 mtafiti wa mbegu aitwaye Michael Harrison alianza kazi Kitale, mji wa Trans Nzoia ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, karibu na Mlima Elgon. Alitakiwa kutafuta mahindi yatakayozaa zaidi katika nyanda za juu za Kenya. Waliomwajiri walikuwa wakiwafikiria zaidi walowezi wa Kizungu, wenye mashamba makubwa na matrekta. Miaka kumi baadaye mbegu iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wakulima wa ekari mbili tatu, wanaolima kwa jembe la mkono au kwa plau ya ng'ombe, kutoka Bungoma hadi Kakamega. Ilifikaje huko? Jibu halimo katika mbegu peke yake. Limo pia katika vipande vidogo vya ardhi kando ya barabara, ambako mkulima aliitwa asimame, atazame, kisha aamue mwenyewe.

Mahindi ya jana

Mahindi yalifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya Wareno kuanzia karne ya 16, lakini yalichelewa kushika bara. Huko magharibi mwa Kenya, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ugali ulikuwa wa wimbi na mtama. Mahindi yalipoenea, yalikuwa na sababu nzuri za kupendwa. Punje zake zimefunikwa maganda, kwa hiyo watoto hawakulazimika kushinda shambani wakifukuza ndege. Palizi yake ni nyepesi kuliko ya wimbi, ambalo huhitaji mtu ainame na kung'oa magugu mmoja mmoja kwa vidole. Tena mahindi mabichi huchomwa na kuliwa kabla ya mavuno, wakati ghala limebaki vumbi.

Walowezi walileta mbegu nyeupe kutoka Afrika Kusini, mashuhuri kati yake ikiwa ile iliyoitwa Hickory King. Mbegu hizo zilichavushana mashambani, mwaka baada ya mwaka, hadi yakapatikana mahindi meupe, marefu, yanayochukua miezi mingi kukomaa katika baridi ya nyanda za juu. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakipandwa na mlowezi na Mwafrika vilevile. Tofauti kubwa ilikuwa katika kilichoizunguka mbegu: ardhi pana, barabara, mikopo na bei nzuri vilikuwa upande wa mlowezi.

Mwafrika alikuwa na utaratibu wake wa mbegu, na utaratibu huo ulikuwa kazi ya wanawake. Baada ya kuvuna, mama alichagua mahindi yaliyonona, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko. Moshi ulifukuza wadudu hadi mvua za masika zirudi. Mbegu haikununuliwa. Ilirithiwa, ikaazimwa, ikagawanwa kati ya mke na wakwe zake. Mtu yeyote aliyetaka kuleta mbegu mpya alikuwa anagusa jambo la nyumbani kabisa.

Mbegu kutoka Ekuado

Kwanza Harrison na wenzake waliyachuja mahindi yaliyokuwapo. Matokeo yake yalikuwa Kitale Synthetic II, mbegu iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1961. Ilikuwa bora kuliko zilizotangulia, lakini kwa kuwa ilitokana na ukoo uleule mmoja, isingeweza kwenda mbali. Ilihitaji damu ngeni.

Mwaka 1959 Harrison alisafiri hadi Amerika ya Kati na Kusini, kwenye asili ya mahindi yenyewe, akarudi na mikusanyo ya mbegu za huko. Mmoja wa mikusanyo hiyo ulitoka Ekuado na ulijulikana kwa namba tu: Ecuador 573. Ulipopandwa peke yake Kitale haukumvutia mtu. Ulipochavushwa na Kitale Synthetic II, watoto wao waliwashinda wazazi wote wawili: katika majaribio mazao yalizidi yale ya Kitale Synthetic II kwa takriban asilimia 40. Chotara hilo likapewa jina H611, likatolewa kwa wakulima mwaka 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru.

Lakini chotara lina sharti lake. Nguvu yake hutokana na wazazi wa koo mbili tofauti kukutana, na nguvu hiyo ni ya kizazi cha kwanza. Mkulima akihifadhi punje za mavuno yake na kuzipanda tena, shamba litaota, lakini mazao yatapungua na mimea haitalingana. Kwa hiyo mbegu hii ilidai kununuliwa kila mwaka. Mbegu iliyokuwa ikining'inizwa juu ya meko sasa ingetoka dukani, kwa fedha taslimu, na kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kulipia mbegu ya chakula.

Aliyetakiwa kuiuza ni Kenya Seed Company, kampuni iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 na walowezi waliotaka mbegu za majani ya malisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipewa jukumu la kuzalisha mbegu chotara za mahindi, na ikafanya mambo mawili yaliyobadilisha historia. Kwanza, iliwatumia wenye maduka madogo ya vijijini kuwa mawakala wake, wale wale waliokuwa wakiuza sukari, mafuta ya taa na sabuni. Pili, ilifunga mbegu katika mifuko midogo ya kilo 10, kipimo cha kutosha ekari moja. Mkulima hakulazimika kupanda basi kwenda mjini, wala kununua gunia zima. Aliweza kujaribu ekari moja, hata nusu kwa kushirikiana na jirani.

Vipande vinne vya ardhi

Wakati watafiti wa mbegu wakishughulika na uchavushaji, mtaalamu wa kilimo A. Y. Allan, naye akiwa Kitale, alikuwa akiuliza swali jingine. Mahindi yanapopungua shambani kwa mkulima, yanapunguzwa na nini hasa? Je, ni mbegu? Ni mbolea? Ni kuchelewa kupanda? Ni magugu? Au ni miche michache mno katika ekari? Kila mtaalamu alikuwa na jibu lake.

Allan aliyapima yote kwa pamoja. Badala ya kujaribu jambo moja moja, alichanganya mambo hayo katika majaribio makubwa, ili aone kila moja linachangia nini linapokutana na mengine. Kisha mwaka 1966 majaribio ya namna hiyo yakatolewa nje ya kituo, yakapelekwa wilayani, kwenye udongo na mvua za wakulima wenyewe. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1968 katika umbo ambalo hata mtu asiyejua takwimu angelielewa: mchoro wenye pembe nne, uliokuja kujulikana kama almasi ya mahindi.

Pembe ya chini ilikuwa shamba la mazoea. Mbegu ya kienyeji, bila mbolea, imepandwa mvua zikiwa zimekwisha kukolea, miche michache, palizi imechelewa. Shamba hilo lilitoa takriban magunia 9 ya kilo 90 kwa ekari.

Pembe ya kushoto ilikuwa ya fedha. Mbegu chotara na mbolea, lakini matunzo yaleyale mabaya: kuchelewa, miche michache, magugu. Magunia yalipanda hadi takriban 13 tu.

Pembe ya kulia ilikuwa ya maarifa na jasho. Mbegu ileile ya kienyeji, bila chembe ya mbolea ya dukani, lakini imepandwa mvua zinapoanza, kwa nafasi nzuri, ikapaliliwa kwa wakati. Magunia yalifika takriban 22.

Pembe ya juu ilikuwa ya vyote viwili: chotara, mbolea na matunzo mema. Takriban magunia 36.

Tuzitazame namba hizo kwa makini. Aliyenunua mbegu na mbolea bila kubadilisha matunzo alipata nyongeza ya magunia 4, ambayo huenda isirudishe fedha zake. Aliyebadilisha matunzo bila kununua kitu alipata nyongeza ya magunia 13. Lakini aliyekwisha kutunza shamba lake vizuri, akaongeza mbegu na mbolea, alipata magunia 14 juu ya hayo. Mbolea ileile na mbegu ileile zilizompa mzembe magunia 4 zilimpa mtunzaji zaidi ya mara tatu yake. Pembejeo hulipa pale zinapokuta shamba limeandaliwa.

Kwa nini kupanda mapema kuna uzito hivyo? Wakati wa kiangazi naitrojeni hujikusanya katika udongo mkavu. Mvua za kwanza zinapoilowesha ardhi, chakula hicho cha mmea hupatikana kwa wingi kwa majuma machache. Mvua zikizidi, husombwa chini kupita mizizi. Mbegu iliyotangulia ardhini inakikuta, iliyochelewa inakuta mabaki. Udongo nao huanza kupoa mawingu yanapotanda, na katika nyanda za juu mche unaoanza maisha katika udongo baridi hudumaa kabisa. Palizi ya kwanza ina haraka kama hiyo, kwa sababu magugu hunyang'anya mahindi chakula na maji katika majuma ya mwanzo, wakati mche hauna nguvu ya kujitetea.

Kutoka mchoro hadi shambani

Mchoro peke yake haulishi mtu. Wizara ya Kilimo na kampuni ya mbegu zilifanya kitu kilekile kwa udongo na majani. Mashamba ya mfano yalipandwa kando ya barabara, karibu na masoko, shule na ofisi za machifu, ambako watu hupita kila siku. Kipande cha mahindi ya kienyeji kilikaa ubavuni mwa kipande cha chotara. Bwana shamba alipima mistari kwa kamba, akaonyesha nafasi, akaonyesha kupunguza miche hadi ubaki mmoja wenye afya, akaonyesha mbolea ikitiwa shimoni na kuchanganywa na udongo ili isiichome mbegu. Mahindi yalipokaribia kukomaa, iliitishwa siku ya wakulima. Watu walihesabu mahindi kwa macho yao, wakayapima kwa mkono, wakauliza bei.

Watoto nao walihusishwa. Vilabu vya 4-K, ambavyo K zake zasimama kwa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vililima vipande vyao shuleni. Mtoto aliyevuna mahindi makubwa kuliko ya baba yake alikuwa mwalimu asiyeweza kufukuzwa nyumbani. Vituo vya mafunzo ya wakulima, ambavyo serikali ilikuwa ikivijenga wilayani tangu miaka ya 1950, viliwapokea wakulima kwa kozi fupi, wakalala hapo, wakala hapo, wakafanya kazi shambani pamoja.

Mwaka 1965 Kenya ilikumbwa na upungufu wa mahindi, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Njaa hiyo iliipa kazi ya mbegu mpya uzito wa kitaifa. Mashamba ya chotara, ambayo mwaka 1963 yalikuwa ekari mia chache za majaribio, miaka kumi baadaye yalihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya ekari, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya wakulima wadogo.

Mtafiti John Gerhart alilichunguza jambo hilo magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ripoti yake ikatoka mwaka 1975. Alikuta kwamba katika maeneo yenye mvua nzuri chotara lilienea kwa kasi iliyozidi hata ile ya wakulima wa Marekani walipopokea mahindi chotara katika miaka ya 1930 na 1940. Matokeo hayo yalivunja uzushi wa siku nyingi. Maofisa wa kikoloni walikuwa wamezoea kumwita mkulima wa Kiafrika mvivu, mshika mila, mgumu wa kubadilika. Alipoonyeshwa kitu kinacholipa, na kitu hicho kikawekwa dukani karibu naye, alibadilika upesi kuliko mkulima wa Iowa.

Gerhart aliona pia mipaka ya ushindi huo. Katika maeneo ya chini na makavu, ambako H611 na ndugu zake hazikufaa, watu hawakuzipokea. Nao walikuwa na haki, maana mbegu inayohitaji mvua ndefu ni hasara mahali ambapo mvua hukatika mapema. Ndiyo maana watafiti wa Katumani, karibu na Machakos, walishughulikia mahindi yanayowahi kukomaa kwa ajili ya ukame, na mahindi ya Katumani yakapata jina lake huko Ukambani. Mbolea nayo ilienea polepole kuliko mbegu, kwa sababu bei yake ilikuwa kubwa na mvua ikikosa mkulima alibaki na deni.

Waliosahaulika

Kila historia ya mafanikio ina watu waliobaki nje ya uzio. Mwanasayansi wa siasa David Leonard, aliyewachunguza maafisa wa kilimo wa ngazi za chini magharibi mwa Kenya na kuchapisha kitabu chake mwaka 1977, aligundua kwamba zaidi ya nusu ya ziara zao zilikwenda kwa wale walioitwa wakulima wa maendeleo, watu ambao hawakuzidi sana mmoja katika kumi. Afisa alimtembelea mwenye nyumba ya bati, ng'ombe wa gredi na kiti cha kumkalisha mgeni. Kwa aliyehitaji somo zaidi, njia haikukanyagwa.

Kathleen Staudt alitazama ndani zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 alifanya utafiti katika sehemu moja ya Kakamega ambako wanaume wengi walikuwa wamekwenda mijini kutafuta kazi, na mashamba manne katika kumi yaliendeshwa na wanawake peke yao. Karibu nusu ya mashamba hayo ya wanawake hayakuwa yametembelewa na afisa wa kilimo hata mara moja. Pale ambapo mume alikuwepo nyumbani, yasiyotembelewa yalikuwa kidogo zaidi ya robo. Mafunzo ya vituoni na mikopo vilikuwa na pengo lilelile au kubwa zaidi.

Tuikumbuke pembe ya kulia ya almasi. Kupanda kwa wakati, kuweka nafasi, kupunguza miche, kupalilia mapema: ndizo kazi zilizotoa magunia 13 bila senti moja. Na karibu zote zilikuwa mikononi mwa wanawake. Serikali iliwaalika wanaume darasani kujifunza palizi, kisha wake zao wakaenda kupalilia bila somo. Hapakuwa na upotevu mkubwa wa maarifa kuliko huo.

Kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti kulithibitishwa Tetu, huko Nyeri, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Joseph Ascroft, Niels Röling na wenzao walifanya jaribio kinyume cha mazoea. Waliwaacha kando wakulima wa maendeleo, wakawachagua kwa makusudi wale ambao hawakuwa wamepokea chotara, wakawapa kozi fupi katika kituo cha mafunzo ya wakulima, tena wakahakikisha kuwa mbegu na mbolea zinapatikana kwa mkopo mara baada ya kozi. Karibu wote walipanda mahindi chotara, na wengi wakawafundisha majirani. Ripoti ya mwaka 1973 iliwapa jina linalouma: wakulima waliosahaulika. Walikuwa wamesingiziwa ugumu wa kichwa, kumbe hawakuwa wamealikwa.

Somo lililogeuka ratiba

Baada ya hapo ungetegemea kwamba Tetu ingekuwa mfano wa nchi nzima. Haikuwa hivyo. Mwaka 1982 Kenya ilianza kujaribu mfumo wa Mafunzo na Ziara, uliobuniwa na Daniel Benor na kusambazwa na Benki ya Dunia katika nchi nyingi. Afisa angefunzwa kila baada ya majuma mawili, kisha angewatembelea wakulima teule kwa ratiba isiyobadilika, nao wangepitisha ujumbe kwa wengine. Mfumo ulikuwa na nidhamu kwenye karatasi. Uliajiri watu wengi, na mishahara yao ikala fedha zilizohitajika kwa petroli, pikipiki na mbegu za maonyesho. Ujumbe ulitoka juu ukiwa mmoja kwa wote, hata pale udongo ulipotofautiana kutoka kilima hadi kilima.

Tathmini ya Benki ya Dunia yenyewe, iliyoongozwa na Madhur Gautam na kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikiri kwamba haikupata ushahidi wa maana kuwa mfumo huo uliongeza mazao. Wakulima wengi walikuwa tayari wanayajua yale waliyoletewa. Kilichowakwaza kilikuwa fedha, soko, na maswali mapya ambayo hakuna aliyekuja kuyasikiliza.

Ng'ambo ya mpaka Tanzania ilipita njia nyingine. Mwaka 1989 mpango wa Sasakawa Global 2000, uliotokana na ushirikiano wa Mjapani Ryoichi Sasakawa, Rais mstaafu wa Marekani Jimmy Carter na Norman Borlaug, mshindi wa Nobeli ya Amani ya mwaka 1970, ulianza kufanya kazi nchini humo. Wao hawakuonyesha kwenye vipande vya mita chache. Mkulima alilima mwenyewe shamba la mafunzo la hadi nusu hekta, bwana shamba akiwa pembeni, akapewa mbegu na mbolea kwa mkopo, na mavuno yakawa yake. Shamba kubwa hivyo hutoa chakula cha kweli na hesabu ya kweli. Mazao yaliongezeka sana katika mashamba hayo. Tatizo lilikuja mpango ulipoondoka na ruzuku za mbolea kukatwa: aliyejifunza alibaki na maarifa asiyoweza kuyanunulia pembejeo.

Mkulima akawa mwalimu

Magharibi mwa Kenya, tangu katikati ya miaka ya 1990, mkondo mwingine ulianza kutiririka. Shamba darasa, lililoletwa kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na lililopanuliwa tangu mwaka 1999 Kakamega, Bungoma na Busia, liligeuza mpangilio wa maonyesho. Kikundi cha wakulima, wengi wao wanawake, hukutana shambani kila juma kwa msimu mzima. Wanalinganisha vipande, wanapima, wanachora walichokiona, wanabishana, kisha wanaamua. Mwezeshaji huuliza zaidi kuliko anavyojibu. Huo ndio uchunguzi wa Allan ukiwa umekabidhiwa kwa wenyewe.

Umuhimu wake ulionekana kwa kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalong'ang'ania mizizi ya mahindi na kuyanyonya kabla halijaonekana juu ya ardhi. Kwa miaka mingi wengi katika nchi za Ziwa Viktoria walilihesabu kuwa laana. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, wakiongozwa na Zeyaur Khan, walibuni njia ya sukuma-vuta: majani ya desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya bungua, viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, na nepia huwavuta waende huko. Mizizi ya desmodiamu nayo huziamsha mbegu za kiduha, zikaota na kufa bila kupata mahindi ya kunyonya, huku ikiongeza naitrojeni ardhini. Tena desmodiamu na nepia vyote viwili ni chakula cha ng'ombe. Elimu kama hiyo haiingii katika tangazo la redio la dakika moja. Mtu anahitaji kuifuata msimu hadi msimu, akiwa na jirani aliyekwisha kuifanya. Ndiyo maana ilienea kwa siku za wakulima, kwa mashamba darasa, na kwa wakulima wanaofundisha wakulima.

Mwaka 2006 huko Bungoma shirika la One Acre Fund lilianza kwa kuunganisha vitu ambavyo kwa miaka 40 vilikuwa vikija kimoja kimoja: kikundi, mafunzo, mbegu na mbolea kwa mkopo, na kuvifikisha karibu na nyumbani kabla ya mvua. Hapakuwa na jambo geni ndani yake kwa mtu aliyesoma habari za Tetu. Ugeni ulikuwa kuvifanya vyote pamoja, kwa wakati.

Deni lililobaki

Wastani wa mavuno ya mahindi nchini Kenya, baada ya kupanda katika miaka ya 1960 na 1970, umebaki kwa muda mrefu ukizunguka kati ya tani moja na nusu na mbili kwa hekta. Hiyo si mbali na pembe ya chini ya almasi ya mwaka 1966, ilhali pembe ya juu ilikuwa karibu tani 8. Mashamba yamegawanywa kwa warithi. Udongo uliotiwa mbolea ya aina moja mwaka baada ya mwaka umekuwa na asidi, na sasa unadai chokaa kabla ya mbolea. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa kunyauka kwa mahindi uligunduliwa Bomet, na mwaka 2017 viwavijeshi vamizi vikaingia mashambani. Mvua haziji tena kwa tarehe ambazo bibi zetu walizijua. Somo la kupanda mapema bado ni kweli, lakini mapema ni lini?

Maswali hayo yanahitaji mashamba ya mfano mengi kuliko wakati wowote, na hapo ndipo yalipopungua. Tangu mwaka 2013 kilimo kiko chini ya serikali za kaunti. Maafisa wa ugani waliostaafu hawajazibiwa mapengo yao, na katika sehemu nyingi afisa mmoja ana wakulima zaidi ya elfu moja wa kuwahudumia. Wauza mbegu hufanya maonyesho yao, na hufanya vizuri, lakini watakuonyesha pembe ya kushoto: kile wanachouza. Pembe ya kulia haina muuzaji. Ni kazi ya umma, na umma usipoilipia haifanyiki.

Historia hii ya zaidi ya miaka 60 inatupa hukumu iliyo wazi. Shamba la mfano lilifanikiwa pale vitu vitatu vilipokutana: ushahidi uliotoka kwenye udongo wa mahali pale, pembejeo zilizofika dukani kabla ya mvua, na mkulima aliye sahihi aliyealikwa. Lilishindwa kila mara kimojawapo kilipokosekana, hata fedha zilipokuwa nyingi. Kwa hiyo serikali za kaunti zisianze na majengo wala magari. Zianze kwa kutenga fungu la mashamba ya mfano katika kila kata, zipime udongo kwanza, zipande kwenye mashamba ya wanawake wanaolima, ziitishe mafunzo kwa saa ambazo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kufika, na zichapishe hesabu ya mavuno na gharama ili kila mtu aione. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Basi walaji na wamlipie mwalimu wake.